Kadi Moja au Mbili?

Wahenga wetu hawakuacha jambo bila methali, na pengine ndiyo sababu hawakuacha jambo bila ubishi. Mtu akitaka kusifu umoja atakuambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwingine akitaka kuonya juu ya tamaa atakuambia kwamba mshika mbili moja humponyoka. Wote wawili wamesema kweli, na wote wawili wataitikiwa kwa vichwa. Lakini ukifika mbele ya jambo moja mahususi, lenye bei na lenye risiti, ndipo utakapogundua kwamba methali haikuchagulii. Wewe ndiye unayeichagua methali, na aghalabu unaichagua baada ya kwisha kuamua.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kuitumia ile ya kidole na chawa kumshauri kijana aliyeniamini, na ushauri wangu haukuwa mwema. Jambo lenyewe ni dogo, msomaji wangu, na huenda ukacheka. Lilihusu kompyuta ya kuchezea gemu, na swali lilikuwa hili: je, mtu anunue kadi moja kubwa ya picha, au anunue mbili za kati azifunge pamoja? Hata hivyo nimeishi na swali hilo kwa miaka zaidi ya kumi, na kila nikilirudia naona ndani yake mambo yasiyohusu kompyuta peke yake. Ni wakati gani wawili huwa zaidi ya mmoja? Na mtu anayeulizwa ushauri ana deni gani kwa yule anayemwuliza?

Mwanzoni mwa mwaka 2012 nilikuwa na kibanda cha ufundi wa kompyuta Kariakoo, hapa Dar es Salaam. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na umri wa miaka 20, akifanya kazi katika duka la stesheneri: kurudufu karatasi, kuchapa barua za watu, kupiga picha za pasipoti. Kwa muda wa miezi 14 alikuwa akiweka akiba. Siku moja akaja, akaniamkia, "Shikamoo mjomba," akakaa kwenye stuli ya wateja, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameorodhesha vifaa vyote vya kompyuta aliyoitaka pamoja na bei zake, na pembeni mwa kadi ya picha aliweka alama ya kuuliza.

"Mjomba, hapa ndipo nilipokwama," akasema. "Kadi kubwa ni laki tisa. Hii ya kati ni laki nne na nusu. Nikinunua kubwa sitabaki na pesa ya kioo. Nikinunua ya kati, mwakani naongeza nyingine kama hiyohiyo. Wewe unaonaje?"

Dada yangu alikuwa amenipigia simu usiku uliotangulia. Habari yote ya gemu haikumpendeza; kwake ilikuwa pesa ya kuchezea, na huku paa la jikoni linavuja. Lakini alimalizia kwa kusema, "Kaka, mimi hanisikii. Wewe unayezijua hizo mashine, usimwache akapoteza pesa yake." Kwa hiyo nilikuwa nimebeba amana mbili, ya mtoto na ya mama yake.

Juu ya hiyo "pesa ya kuchezea" nina neno moja. Mimi sikuona vibaya. Kijana mwingine wa umri ule angenunua jezi na viatu, au angekwenda kutazama mpira kila Jumamosi, wala hakuna ambaye angemwita kikao. Furaha ya mtu haipimwi kwa ratili ya mwenzake. Ila shilingi ya furaha hutoka katika jasho lilelile inakotoka shilingi ya unga. Kwa hiyo mtu anayeuliza juu ya mchezo anastahili ukweli uleule anaostahili mtu anayeuliza juu ya shamba.

Nami nilimjibu upesi. Nikamwambia achukue ya kati, mwakani aongeze ya pili. "Kidole kimoja hakivunji chawa," nikasema. Akacheka, nami nikacheka, na shauri likawa limekwisha.

Kwa faida ya asiyezijua mashine hizi, nieleze kidogo. Ndani ya kompyuta kuna kichakataji kikuu kinachofanya hesabu za kila namna. Lakini picha za gemu zinataka hesabu nyingi mno za aina moja, kwa hiyo huwekwa kadi ya peke yake, yenye kichakataji chake, kumbukumbu yake na feni zake, ikachomekwa kwenye ile bodi kuu ambayo mafundi tunaiita mazabodi. Kazi ya kadi hiyo ni kuchora. Huchora picha moja ikaipeleka kwenye kioo, ikachora nyingine, na nyingine. Zikifika picha 60 kwa sekunde, jicho huona mwendo mlaini. Zikishuka chini ya 30, mchezaji huanza kunung'unika.

Wazo la kuzifunga kadi mbili pamoja si geni. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iitwayo 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo2, na mbili kati ya hizo ziliweza kuunganishwa kwa waya. Moja ilichora mistari ya shufwa ya picha, nyingine ilichora ya witiri. Mwisho wa mwaka 2000 kampuni hiyo ilikubali kuuza mali zake kwa mshindani wake, NVIDIA. Mwaka 2004 NVIDIA wakazifufua herufi tatu zilezile zilizotumiwa na 3dfx, yaani SLI, wakazipa maana nyingine. Mwaka uliofuata ATI nao wakaja na CrossFire. Safari hii njia iliyotumika zaidi haikuwa kugawana mistari. Ilikuwa kupokezana picha nzima: kadi ya kwanza inachora picha ya kwanza, ya pili inachora ya pili, ya kwanza inarudi kwenye ya tatu, na kuendelea.

Lazima nikiri kwamba shauri la kununua moja leo na nyingine mwakani halikuwa la kijinga. Ndivyo tunavyoishi. Nyumba nyingi za mji huu zimejengwa hivyo: mwaka huu vyumba viwili, mwaka ujao sebule, na nondo zinachomoza juu zikingojea ghorofa ambayo pengine wajukuu ndio watakaoijenga. Mtu asiye na mshahara mkubwa hana njia nyingine, na haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo nilipomwambia kijana aanze na moja, nilikuwa nikisema lugha aliyoijua tangu utoto. Kosa langu ni kwamba sikujiuliza kama kadi ya picha ni kitu cha kujengwa kwa tofali.

Kwa kweli sicho, na sababu zake zinafaa kutazamwa moja moja.

Kwanza, chumba cha pili huongeza nafasi ya nyumba, lakini kadi ya pili haiongezi kumbukumbu ya picha. Kila kadi lazima iwe na nakala yake kamili ya vitu vyote vinavyochorwa: kuta, nyuso, miti, mawe. Kwa hiyo kadi mbili zenye gigabaiti 2 kila moja si gigabaiti 4 katika mtindo ule wa kupokezana. Zinabaki 2 zilizoandikwa mara mbili. Ni kama wanafunzi wawili ambao kila mmoja ana kitabu kilekile. Darasa lina vitabu viwili, lakini somo halikuongezeka.

Pili, chumba ulichojenga mwaka juzi hakikingoji chumba cha mwaka huu ili kitumike. Kadi mbili lazima zingojane, na anayezipanga ni programu endeshi, ile mafundi waiitayo draiva. Kila gemu kubwa ilihitaji maelekezo yake ndani ya draiva hiyo. Gemu yenye maelekezo mazuri ilikwenda karibu maradufu. Gemu isiyo nayo ilitumia kadi moja tu, na ya pili ikakaa kama abiria. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa amelipa mwenye duka, kisha akabaki akingojea hisani ya watu wa mbali waandike maelekezo ya gemu anayoipenda.

Tatu, wakati haukungojei uweke akiba. Mwaka mmoja na nusu ukipita, hutolewa kadi mpya moja ambayo kwa bei ya kati inafanya kazi ambayo zamani ilitaka kubwa. Mwenye busara mara nyingi huiuza ile ya zamani, akaongeza alichoweka, akanunua hiyo mpya. Matofali ya mwaka juzi hayashindwi na matofali ya mwaka huu. Kadi za mwaka juzi zinashindwa.

Nne, kuna umeme na joto. Kadi ya kati ya siku zile ilikula wati kama 150 ikiwa kazini. Mbili ni 300, bila kuhesabu vingine vilivyomo ndani ya kompyuta, na wati zote hizo huishia kuwa joto ndani ya chumba. Anayeishi Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi juu ya joto, wala juu ya uniti za LUKU zinavyokwisha katikati ya usiku.

Lakini la tano ndilo lililonifundisha zaidi, nalo linahusu wastani. Tuseme kituo chako kinapata daladala mbili kila saa. Kwa hesabu, wastani ni moja kila dakika 30, na mtu akikuuliza utamwambia kwamba usafiri si mbaya. Lakini kama daladala hizo zote mbili zinafuatana, moja nyuma ya nyingine kwa dakika 5 tu, basi kila saa kuna dakika 55 ambazo hakuna kitu barabarani. Wastani haukudanganya. Ila aliyesimama juani hapandi wastani.

Kadi mbili za kupokezana zilikuwa na tabia hiyohiyo. Picha 60 kwa sekunde ni sawa na picha moja kila sehemu 17 hivi za elfu za sekunde. Lakini kama picha ya pili inaifuata ya kwanza baada ya sehemu 5, kisha ya tatu inachelewa sehemu 28, hesabu ya kioo itaendelea kuandika 60, na huku jicho linaona mwendo wa 35 au 36, wenye mikwaruzo midogo isiyokwisha. Kwa miaka mingi wapimaji walikuwa wakihesabu picha kwa sekunde tu, na kwa hesabu hiyo kadi mbili zilionekana washindi. Kuanzia mwaka 2011 wapimaji wengine wakaanza kupima kila picha imechukua muda gani peke yake, na kufikia mwaka 2013 jambo hili likawa wazi kiasi kwamba watengenezaji wenyewe walitoa vifaa vya kulipima na draiva za kulirekebisha.

Na sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita haraka, lakini sitapita.

Katikati ya mwaka huo wa 2013 mpwa wangu alirudi kibandani. Alikuwa na laki nne na nusu mfukoni, tayari kwa kadi ya pili. Nami nilikuwa nayo moja rafuni, aina ileile kabisa. Mteja mmoja aliiagiza, akatoa ahadi, hakurudi. Ilikuwa imekaa miezi saba ikiningojea, na mtaji wangu umefungwa ndani ya boksi lake. Wakati ule nilikwisha soma habari za mikwaruzo. Nilikwisha soma pia kwamba kwa pesa hiyo, pamoja na bei ya kuuza kadi yake ya zamani, angeweza kupata moja iliyo bora kuliko zote mbili. Nilijua. Lakini kichwani nilijiambia kwamba huenda asione tofauti, kwamba draiva zitarekebishwa, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeitaka. Akaniuliza, "Bado unaona ni vizuri, mjomba?" Nikamwambia, "Si tulikwisha kubaliana?" Nikamwonyesha namba: moja inatoa picha 35, mbili zinatoa 60. Namba zilikuwa za kweli. Akalipa.

Msomaji, angalia hapo. Sikusema uongo hata mmoja. Nimelirudia shauri lile neno kwa neno mara nyingi, na silioni neno la uongo ndani yake. Nilimpa wastani wa kweli na methali ya kweli, nikachukua pesa.

Idd el Fitri ya mwaka huo nilikwenda kwa dada yangu kula pilau. Baada ya chakula nikamwambia kijana anionyeshe kompyuta yake inavyokwenda. Akanipeleka chumbani. Aliwahi kuuondoa ule mfuniko wa ubavuni kwa sababu ya joto, na akaelekeza feni ya meza ndani yake, kama wafanyavyo wengi hapa kwetu. Basi nikaona kila kitu bila kufungua kitu. Kadi zote mbili zilikuwa mahali pake, feni zake zote zinazunguka vizuri. Lakini kile kidaraja kifupi kinachoziunganisha juu hakikuwepo. Kilikuwa juu ya meza, kwenye kikombe cha kalamu.

Nikamtazama. Akainama.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Wiki ya kwanza, mjomba. Ilikuwa inakwaruza macho. Nikaona nicheze na moja tu."

"Sasa mbona hii nyingine hukuitoa?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua utakuja Idd."

Kadi ya laki nne na nusu ilikuwa ndani ya kompyuta ile ikizungusha feni na kula umeme kwa ajili ya macho yangu. Haikuchora hata mstari mmoja. Aliiacha pale ili mjomba wake asiaibike.

Nimefikiri sana juu ya adabu ile. Tunawafunza watoto wetu kumheshimu mkubwa, na ni mafunzo mema, wala siyapingi. Lakini yana gharama yake, na gharama hiyo inamwangukia mkubwa mwenyewe bila yeye kujua. Mkubwa anayetoa ushauri mbaya haletewi habari. Anaambiwa, "Ahsante mjomba, imekwenda vizuri." Kesho anaulizwa na mwingine, naye anatoa ushauri uleule, safari hii kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu. Ningeweza kuendelea kufunga kadi mbili mbili kwenye kompyuta za vijana wa Kariakoo kwa miaka mingine mitano, na wote wangenishukuru. Kwa hiyo naamini kwamba anayeheshimiwa ana wajibu wa ziada: aende mwenyewe kutazama, na aulize kwa namna ambayo ukweli unaweza kujibiwa bila kuvunja adabu. Asiulize, "Si inakwenda vizuri?" Hilo si swali, ni amri.

Na deni la mshauri ni lipi? Kwa maoni yangu ni mambo mawili. La kwanza ni kumwambia mtu kile atakachokiona akiwa amekaa mbele ya kitu chenyewe saa nne za usiku, si kile kinachoonekana kwenye jedwali. La pili ni kumwambia faida yangu mimi. Kama ningesema, "Kijana, ninayo moja hapa imekaa miezi saba na ninatamani iondoke," basi hata kama angeinunua angeinunua macho wazi. Sentensi hiyo moja ingelipima shauri zima upya. Sikuisema, nikasema methali.

Nilimrudishia pesa zake. Siku ileile nilimpa laki mbili, na zilizobaki nikamaliza kwa miezi mitatu. Alikataa mara mbili, mara ya tatu mama yake akamwambia apokee. Baadaye aliiuza ile kadi yake ya kwanza, akaongeza hizo, akanunua kadi moja nzuri. Aliinunua kwenye duka la mtu mwingine. Sikumlaumu.

Je, basi methali ya kidole na chawa ni ya uongo? La hasha. Nilipokuwa mdogo niliwatazama mama zangu wakitwanga. Wanawake wawili, michi miwili, kinu kimoja, wakipokezana. Mchi mmoja unapanda wakati mwingine unashuka, na mapigo yanakuja sawasawa kiasi kwamba mtu aliye nje ya ua angedhani anatwanga mmoja mwenye nguvu za ajabu. Hiyo ndiyo kazi ileile waliyopewa zile kadi mbili. Tofauti ni kwamba mama zangu walikuwa wakisikilizana. Mmoja akichoka, mwenzake alipunguza mwendo kabla hajaambiwa. Kadi hazisikilizani, kila moja hukimbia kadiri ya nguvu zake, na lazima awepo wa tatu wa kuzipigia makofi. Zaidi ya hayo, katika gemu hakuna ajuaye mapema picha ijayo itakuwaje, kwa maana inategemea mkono wa mchezaji atageuka kulia au kushoto.

Lakini kuna kazi nyingine ambazo hazihitaji kinu kimoja. Filamu za katuni huchorwa na kompyuta nyingi mno kwa pamoja, kila moja na picha yake, na hakuna inayomharakisha mwenzake, kwa sababu hadithi ilikwisha andikwa na mtazamaji yuko mwakani. Hizo ni kama gunia za mahindi zilizogawanywa kwa nyumba nyingi, kila nyumba na kinu chake. Hali kadhalika siku hizi maelfu ya kadi hizi hufungwa pamoja kufundisha programu za akili bandia. Huko nako kadi hubadilishana hesabu na kungojana, lakini hakuna mtu aliyeketi mbele ya kioo akiuona mkwaruzo. Kazi ikiisha usiku wa leo au alfajiri ya kesho, ni kazi ileile. Kwa hiyo swali si kama wawili ni bora kuliko mmoja. Swali ni kama kazi yenyewe inagawanyika, na kama wanaogawana wanaweza kungojana bila anayengoja mlangoni kuumia.

Kwa upande wa gemu, historia imekwisha kutoa jibu lake. Mwaka 2015 DirectX 12 ilileta njia ya kuwaachia watengenezaji wa gemu wenyewe kazi ya kugawa mzigo kati ya kadi, hata kadi za kampuni mbili tofauti. Wachache ndio walioijaribu, maana ilikuwa kazi kubwa kwa ajili ya wateja wachache. NVIDIA waliacha kuongeza maelekezo mapya ya SLI kwenye draiva zao kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Katika kadi zao za mfululizo wa RTX 30, ni RTX 3090 na RTX 3090 Ti pekee zilizobaki na mahali pa kuchomeka kidaraja, na RTX 4090 ya mwaka 2022 haikuwa nao kabisa. Kijana anayeuliza leo kwa ajili ya gemu hana haja ya kupoteza usingizi: anunue moja.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima, ana watoto wawili, na ndiye anayeulizwa. Mwaka jana nilikuwa barazani kwake alipokuja kijana wa jirani na orodha yake, safari hii ikiwa ndani ya simu. Alikuwa na pesa kidogo na hamu nyingi. Aliuliza kama anunue kadi mbili kuukuu zilizokuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Mpwa wangu aliitazama orodha taratibu. Akamwambia, "Nunua moja, kubwa kadiri ya mfuko wako. Mfuko ukiwa mdogo, nunua ndogo, ucheze gemu za zamani. Ni tamu vilevile." Kisha akaongeza, "Na mimi ninayo moja kuukuu naiuza, nakwambia mapema ili ujue. Kaitazame na za wengine kwanza."

Hakunitazama alipokuwa akisema. Nilichukua kikombe changu cha kahawa nikanywa, ingawa kilikwisha poa.